Kufuli la Ambakisye

1

Siku ya tatu kufuli lilikuwa bado vuguvugu.

Nililishika kabla sijanawa uso, kabla hata ya kufungua dirisha la kibanda. Lilining'inia peke yake kwenye mkono wa swichi kuu, pale penye matundu sita ya kufungia, matano yakiwa wazi. Nikalifumbata kiganjani nikahesabu mpaka mia, kama jana na juzi. Joto lake ni la yai ambalo kuku ameinuka sasa hivi. Nikaandika kwenye daftari: *Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kufuli la Ambakisye Mwakyoma. Joto lipo. Hajafungua.*

Halafu nikakaa kwenye kiti changu nikaangalia juu.

Ukikaa hapo pangu unaiona karakana yote ya Lupa Tano, mita mia na ishirini kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Kreni iko juu kabisa, karibu na bati, boriti zake mbili za manjano zimevuka toka ukuta hadi ukuta. Chini yake ndoano imeshika mhimili wa pampu namba mbili. Tani kumi na mbili za chuma, zinaning'inia nusu mita juu ya sakafu tangu Jumatatu. Kreni umeme ukikatika breki zake hujibana zenyewe, kwa hiyo mhimili hauanguki. Haupandi pia. Upo tu, na mimi nipo tu, tunaangaliana.

"Dada Kufuli! Limeamkaje?"

Huyo ni Lusajo, dereva wa kreni. Sisemi dereva kwa maana ya kupanda juu. Siku hizi anaiendesha akiwa chini, na rimoti imefungwa kiunoni.

"Limeamka salama," nikasema.

"Limekunywa chai?"

"Lusajo, leo sitaki."

"Mimi ndiyo nataka. Siku ya tatu hii natembea na rimoti kama mtu aliyerithi redio isiyo na betri." Akaweka chupa yake ya chai mezani, akanimiminia kwenye kifuniko. Chai yenyewe ilikuwa nusu kikombe. Maji ya mgao. "Lete nilishike."

Nikamwachia. Akalishika kwa ncha za vidole, akaliachia haraka.

"Lipo," akasema, na utani ukamtoka. "Mungu wangu. Lipo kweli."

Kila anayepanda kwenye kreni ana punje chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, ndogo kama punje ya mchele. Punje na kufuli hukatwa kutoka jiwe moja, ndiyo maana kufuli linajua kama damu inayoizunguka punje inatembea. Kabla hujapanda unazima umeme, unafunga kufuli lako kwenye swichi, unaacha simu yako kibandani, unapanda. Hakuna mkono mwingine utakaolifungua ila huo huo. Na kufuli likiwepo, hata moja, umeme hauwashwi, awe anataka nani. Mwenyewe akifa, kufuli lake hupoa ndani ya nusu saa, kisha linajifungua. Limewahi kutokea kituo kingine. Wanasema mlinzi wa huko alisikia *kliki* akaacha kazi siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja kufuli halisemi. Halisemi mtu yuko wapi. Awe juu ya boriti au awe Kigoma anauza dagaa, kwa kufuli ni sawasawa.

Ugomvi wetu wote ulikuwa hapo.

2

Injinia Tusajigwe aliingia saa moja na viatu vyenye vumbi. Alikuwa ametembea kutoka kwenye visima. Ni mama wa makamo, mwembamba, ana tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Habari ya kufuli?"

"Lina joto."

Akavua miwani.

"Pampu namba moja inakohoa," akasema. "Nimeweka mkono kwenye bomba, inatetemeka mpaka kwenye meno. Haitaimaliza siku ya leo. Ikisimama, watu elfu tisa hawana maji, na unajua lori la maji linatoka wapi."

Ninajua. Linatoka Mbeya, linafika mara moja kwa wiki kama barabara imekubali. Mto Lupa wenyewe umebaki jina na mchanga.

"Nahitaji dakika arobaini za kreni," akasema. "Dakika arobaini tu. Mhimili uingie mahali pake, tuwashe namba mbili. Baadaye zima tena hata mwaka mzima."

"Na Fundi Ambakisye?"

"Ambakisye hayumo humo."

"Hajashuka, Injinia."

"Hukumwona akishuka. Ni vitu viwili."

Niliangalia boriti.

Mpaka mwaka jana, kreni ilikuwa inakula umeme kutoka kwenye reli nne za shaba zilizopigwa ukutani. Kreni ikitembea, viatu vya kaboni vinasugua zile reli, cheche zinaruka, vumbi jeusi linashuka kama masizi ya jikoni. Viatu vinalika kama sabuni. Kazi ya Ambakisye ilikuwa kupanda kila wiki kuvibadilisha. Miaka kumi na tisa. Mwaka huu wakaleta boriti hai: umeme unaruka toka boriti hadi boriti bila kugusana na kitu, hakuna kiatu, hakuna vumbi, hakuna wa kupanda. Boriti zenyewe ni tupu ndani, kama mfereji mkubwa. Mtu anatambaa humo kwa magoti. Umeme ukiwa umezimwa ni mahali salama tu, joto na giza. Ukiwaka, chochote chenye damu kilichomo ndani kinachemka. Injinia mwenyewe alitufundisha hivyo, akatumia neno hilo hilo.

Jumatatu Ambakisye alipanda mara ya mwisho. Alitakiwa aondoe viatu vya kaboni vilivyobaki na kufunga vifuniko vinane vya boriti. Vifuniko hivyo vina springi. Ukivisukuma vinajifunga vyenyewe, lakini kuvifungua ni mpaka umeme uwepo. Anayeingia ndani huweka kabari ya mti mlangoni kisijifunge nyuma yake.

Na sasa vyote vinane vimefungwa.

"Vimefungwa maana alimaliza kazi," Injinia akasema, kama aliyenisoma. "Alimaliza, akatokea mlango wa paa, akaenda zake. Mlango wa paa tuliukuta wazi."

"Ule hufunguka na upepo."

"Viatu vyake vya safari havipo chumbani."

"Alivipeleka kwa fundi kushonwa soli. Aliniambia mwenyewe."

"Fundi gani?"

"Hakusema."

"Simu yake iko hapo kwenye droo yako, mlinzi." Kazini jina langu ni mlinzi. "Mtu anayetaka asipatikane anaacha simu. Alipewa barua kwamba mwisho wa mwezi kazi yake haipo. Miaka kumi na tisa halafu karatasi moja. Wewe ungebaki?"

"Ningeaga," nikasema.

Lusajo alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Dada, watu hawaagi. Mimi baba yangu alienda kununua betri ya tochi."

Injinia hakucheka. Aliketi kwenye ngazi ya kibanda, akainamisha kichwa.

"Tukiikata boriti kwa moto," akasema polepole, "ni siku mbili, na kreni imekufa moja kwa moja. Kamera tulipitisha kwenye tundu la mwisho, ikaona chumba cha kwanza tu, mbele kuna kuta za bati. Simu nyumbani kwao Rungwe haipokelewi. Niambie kingine cha kufanya nikifanye."

Niliitazama ngazi ya kreni.

"Nipe mpaka saa sita," nikasema. "Nipande nikasikilize."

"Utasikiliza chuma."

"Ndiyo, Injinia."

3

Nilifunga kufuli langu pembeni mwa la Ambakisye. Sheria ni sheria hata kwa mlinzi. Yakakaa mawili kwenye mkono wa swichi, na nikatazama kidogo, maana kwa miaka mitano sikuwahi kuyaona hivyo. Mimi sipandi. Kazi yangu ni kukaa.

Sijui kama watu wanaelewa kazi hii. Unakaa. Unahesabu waliopanda, unahesabu walioshuka. Nilimaliza darasa la saba, nikafanya kazi za ndani Chunya mjini, halafu ukaja mtihani wa hapa. Mtihani wenyewe ulikuwa kuangalia taa ndogo saa nne nzima na kusema imezimika mara ngapi. Waliosoma walishindwa. Mimi nilisema mara saba, na ilikuwa saba.

Tulikuwa na desturi, mimi na Ambakisye. Kati yetu ni mita kumi na nne, na mashine zikiwaka hakuna sauti ya mtu inayofika. Basi akiwa juu anagonga nguzo na spana yake mara mbili: nipo. Na mimi na nondo yangu huku chini mara mbili: nami nipo. Akitaka kushuka anagonga mara tatu, mimi namjibu mara moja na kubonyeza kitufe, kilango cha chini ya ngazi kinafunguka. Bila jibu la kibandani hakifunguki. Ndivyo ilivyopangwa, asishuke mtu bila kuhesabiwa. Ukikusanya maneno tuliyosemeshana kwa mdomo miaka yote mitano, sidhani kama yangejaza kurasa mbili. Lakini mchana mzima tulikuwa tunaambiana tupo.

Alikuwa ananiita Sekela. Sekela mwanangu, umekula? Sekela, jua la leo mbona lina hasira? Ni yeye tu.

Ngazi ilikuwa na joto. Nilipofika juu bati la paa lilikuwa karibu na kichwa, na jua la saa tatu lilikuwa tayari limelichoma. Nikapiga magoti juu ya boriti ya kwanza. Rangi yake ya manjano ilikuwa na alama za viganja vyeusi, viganja vya kaboni, vingi, vya zamani na vipya. Vyote vyake. Nikatambaa mpaka kwenye tundu la mwisho, tundu la ukubwa wa ngumi, nikaweka mdomo.

"Fundi Ambakisye! Ni Sekela!"

Sauti yangu ikaingia, ikagonga bati, ikanirudia.

Nikageuza kichwa nikaweka sikio.

Boriti inayopashwa na jua inasema. *Tik.* Inanyamaza. *Tik, tik.* Chuma kinanyooka. Nilijua hivyo, nimekisikia asubuhi zote. Nikagonga mara mbili na spana niliyopanda nayo. Nikasubiri.

*Tik.*

Nikagonga tena.

Kimya kirefu. Halafu *tik, tik*, mbili, karibu karibu, kutoka mbali ndani, kwenye boriti ya pili.

Nikavuka kwa magoti nikasikiliza huko. Nikagonga mbili. Ikaja moja. Nikagonga mbili. Hakuna. Nikangoja sana, jasho linadondoka kwenye rangi, na zikaja nne mfululizo kwa haraka ambayo hakuna mkono wa mtu unaweza kuigonga.

Nikalala kifudifudi pale juu. Ningemwambia nini Injinia? Kwamba nimesikia mbili? Nilizisikia. Nilisikia pia moja, na nne, na sifuri. Mtu akikaa siku tatu gizani bila maji, anagonga sawasawa? Au anagonga kama chuma?

Nikabaki pale mpaka saa tano ikapita. Hapo ndipo nilipokubali kuliwaza lile jambo nililokuwa nimelikalia tangu Jumatatu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

4

Pampu namba moja ilisimama saa tano na dakika ishirini. Nilikuwa nashuka ngazi, Lusajo akiwa kwenye kitufe badala yangu. Kuna mngurumo ambao unausikia siku zote mpaka unadhani ni kimya. Ulipoondoka masikio yakaniuma.

Bombani, upande wa pili wa uzio, mlolongo wa ndoo ulikuwa umefika barabarani. Nilitoka nikaangalia. Bomba lilitoa hewa, likakohoa tone la kutu, basi. Wanawake hawakupiga kelele. Mmoja alifungua bomba akalifunga, akalifungua tena, kama mtu anayejaribu ufunguo. Mwingine, ana mtoto mgongoni, aliniona na sare yangu.

"Wewe dada wa kiwandani," akaniita. "Ni kweli mmeshika maji kwa ajili ya kufuli?"

Nikageuka nikatazama karakana.

"Kuna mtu," nikasema.

"Mtu gani?"

"Fundi. Labda yuko juu."

Akanitazama. "Labda," akasema. Hakulisema vibaya. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, na yule mtoto midomo ilikuwa imekauka, ina mistari myeupe. "Ana siku ngapi huko?"

"Tatu."

"Bila maji?"

"Bila maji."

"Basi anajua kiu," akasema, akarudi kwenye ndoo yake.

Injinia alikuwa ananingoja kibandani. Lusajo alikuwa ameshakaa chini ya kreni, rimoti kiunoni, hana utani wowote.

"Umesikia nini?" Injinia akauliza.

"Sijui."

"Sijui ni jibu?"

"Nimesikia kitu kama kugonga. Nimesikia pia kitu kama chuma. Injinia, kuna jambo sijakuambia."

Akavua miwani.

"Jumatatu saa saba niliondoka hapa. Zamu yangu ya bomba ilifika, nikachukua ndoo nikaenda. Robo saa. Labda zaidi kidogo. Kiti kilikuwa kitupu." Sauti yangu ilianza kukimbia, nikaishika. "Kama aligonga tatu wakati ule, hakuna aliyemjibu. Kilango hakikufunguka. Asingeweza kushuka, asingeweza kufikia kufuli lake. Njia iliyobaki ni paa."

Kwa mbali tulisikia ndoo ikiburuzwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungewasha siku ile ile."

"Ningewasha, ndiyo! Siku tatu, mlinzi! Siku tatu watu wanakunywa matope!" Akasimama, akakaa tena. Aliposema tena ilikuwa kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo alitoka kwa paa."

"Au hakugonga. Kabari iliteleza, akafungiwa, na mimi nimeshika ndoo. Vyote viwili vinaweza kuwa. Nimeviweka mizani siku tatu na hakuna kinachozidi."

"Na moyo wako unasema nini?"

"Yumo," nikasema.

Nililisema bila kusita, na lilikuwa kweli. Asingeondoka bila kuniaga. Nilikuwa na uhakika huo kama ninavyojua jina langu.

Injinia akatoa kwenye mfuko wa koti kisanduku cha bati, akakiweka mezani kati ya kikombe cha chai na daftari. Ufunguo wa mama. Hufungua kufuli lolote, lakini kwa mkono wa mlinzi tu. Umefungamanishwa na punje yangu mimi. Yeye na shahada zake zote hawezi kuuzungusha.

"Siwezi kukuamrisha," akasema. "Sheria inanikataza. Naweza kukuomba tu. Zahanati ina lita sitini. Nimewahesabu wanaotumia dripu, nimewahesabu wachanga. Ukisema hapana, nitaita wakate boriti, na tutakuwa bila kreni, bila pampu, kwa miezi. Hapo hatuzungumzii mtu mmoja tena."

"Na nikisema ndiyo, na yumo?"

"Basi tutakuwa tumemwua, mimi na wewe."

Nilimheshimu kwa neno lile. Hakusema hayumo.

Nikafungua kwanza kufuli langu mimi, kwa mkono wangu. Kisha nikachukua ufunguo.

Ufunguo wa mama una kiapo chake. Lazima ukitamke kwa sauti, ufunguo unasikia. *Mimi mlinzi nimehakikisha hakuna aliye hai huko juu.* Ukimaliza kuzungusha, punje ya mwenye kufuli inamchoma mara tatu mkononi, kali, kama nyuki, halafu swichi inakaa dakika nzima kabla haijakubali kuwashwa. Dakika hiyo ni yake. Kama amelala aamke, kama yumo apige kelele.

Nikakitamka. Neno *nimehakikisha* lilinikwama, ufunguo ukakataa, nikarudia kuanzia mwanzo. Nikazungusha.

Kufuli likafunguka mkononi mwangu. Lilikuwa vuguvugu.

Ikaanza ile dakika. Lusajo alikuwa amevua kofia, ameinua uso. Injinia alishika nguzo kwa mikono yote miwili kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nilichukua nondo nikagonga mara mbili, kwa nguvu zangu zote, mpaka kutu ikadondoka.

*Tik*, ikasema boriti. Au haikusema.

Taa ya swichi ikawa ya kijani. Nikasukuma mkono wake juu.

5

Boriti zilianza kuimba. Sauti ile ya chini, kama nyuki kwenye mzinga wa mbali. Lusajo akabonyeza, ndoano ikastuka, mhimili ukapanda polepole ukianza safari ya kwenda shimoni kwake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kufuli limefumbatwa kwenye viganja viwili, nahesabu. Nikifika mia naanza upya. Nusu saa, linapoa. Nilijiambia nitalijua mara moja, halafu nikaogopa kwamba joto la mikono yangu litanidanganya, nikaliweka mezani na kuligusa kwa mdomo wa juu tu, kila baada ya mia moja, kama mama anavyopima uji.

Vuguvugu.

Chini Injinia alikuwa anaelekeza kwa mikono. Kushoto. Kidogo. Simama. Shusha. Alikuwa hanitazami, na nilijua kwa nini.

Vuguvugu.

Nilimwona Ambakisye humo ndani kwa kila namna ambayo kichwa kinaweza kumwona mtu. Sitaziandika. Nilizungusha ule ufunguo nikiwa namwona hivyo. Hilo nataka lieleweke. Si kwamba nilijidanganya hayumo.

Mia ya kumi na tisa, vuguvugu. Mia ya ishirini na nne. Mhimili ukaingia mahali pake kwa mlio mzito ulioifikia sakafu ya kibanda. Lusajo akapiga kelele ya furaha, akajikatiza katikati.

Injinia akaja anakimbia. "Lina nini?"

Nikamsukumia kufuli. Akaliweka shavuni.

"Fungua vifuniko," akamwambia Lusajo. "Vyote. Kisha zima, funga lako, upande."

Vifuniko vinane vikafunguka kwa pamoja kama vifuniko vya madawati ya shule. Nikazima. Lusajo akafunga kufuli lake, akapanda na tochi, akaingia boriti ya kwanza, akatoka. Akaingia ya pili. Akakaa humo muda ambao sikuuhesabu.

"Hamna mtu!" akaita. "Kuna viatu vya kaboni tu! Kavipanga vizuri, ukubwa kwa ukubwa, na kabari zote kaziweka juu yake! Kamaliza kazi yake, mzee wa watu! Kaenda zake!"

Akagonga mara tatu. Nikamjibu moja. Kilango kikafunguka.

Injinia alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto, anacheka na machozi yanamtoka. "Hakuwemo," akasema. "Sekela. Hakuwemo."

Kwa mara ya kwanza ananiita hivyo kazini, na halikunigusa popote.

"Sasa tunajua," nikasema.

"Ndiyo!"

"Saa sita kasoro tulikuwa hatujui."

Akaacha kucheka. Nilivuta daftari. Kuna mstari wa kujaza ufunguo wa mama unapotumika, umeshachapwa, unaweka jina lako tu chini: *Nilihakikisha.* Nikaukata kwa kalamu. Chini yake, kwa mwandiko wangu ule wa darasa la saba, nikaandika: *Sikuhakikisha. Niliamini yumo. Nilizungusha.* Nikaandika pia kuhusu ndoo na robo saa.

Injinia alisimama nyuma yangu akasoma.

"Ukipeleka hivyo watakuondoa."

"Waniondoe."

"Lakini hakuna aliyekufa, mwanangu. Hakuna kosa."

"Hakuna aliyekufa kwa sababu aliondoka. Si kwa sababu yangu."

Halafu akainama, akachukua kalamu mkononi mwangu, na chini ya maneno yangu akaandika: *Nami nilimwomba.* Akatia sahihi. Akatoka kwenda kuwasha pampu.

Nikabaki na kufuli. Kwa kanuni, kufuli lenye joto na halina mwenyewe hutundikwa ukutani kibandani mpaka arudi au lipoe. Nikalitundika. Nilifikiri ule mchomo, mara tatu, mkononi mwake, popote alipokuwa. Labda alikuwa kwenye benchi la stendi. Labda anakunywa chai kwa mtu. Alijua maana yake, alifundishwa kama sisi, na alijua ni mkono wa nani peke yake unaoweza kuutuma. Aliangalia mkono wake akajua kwamba Sekela amemhesabu kuwa si kitu cha kungojwa. Labda alisikitika. Labda alisema, heri, sasa nimefunguliwa. Na mimi sikuwa na nguzo ya kumgongea huko aliko.

Mngurumo ukarudi. Kwanza kwenye miguu, halafu kwenye bati, halafu nje bombani kelele za wanawake, vigelegele, ndoo zinagongana.

Lusajo akaja na kikombe cha bati, anakibeba kwa mikono miwili kisimwagike. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yana povu.

"Ya kwanza kabisa," akasema. "Kunywa, Dada Kufuli. Umeyaleta wewe."

Nilikuwa sijanywa tangu ile nusu kikombe ya asubuhi, na nilikuwa nimepanda boriti juani. Nikanywa yote bila kupumzika. Yalikuwa matamu, matamu kupita maji yoyote niliyowahi kunywa, na hilo ndilo pekee la siku ile nililoshindwa kuliandika kwenye daftari.